Peugeot ya Nathenje

Jumatatu, 8 Julai 2013

Nimepata motokari! Naandika nikiwa bado nimesimama, ndiyo maana herufi ziko hivi.

Peugeot 404. Pikapu. Imenizidi umri. Nimeikuta nyuma ya ghala la mkulima mmoja huko Nathenje, nilikokwenda kutafuta maharagwe tu. Magurudumu yamezama kwenye udongo, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Sehemu ya nyuma yote imeoza, unaona nyasi kupitia chuma. Lakini uso! Uso wa mtu mwenye heshima zake. Kwetu Bukavu pikapu kama hii ilikuwa ya matajiri wa kahawa, na sisi watoto tuliikimbilia nyuma tukimeza moshi.

Nimeona yote papo hapo. Naondoa uozo, najenga plato mpya ya mbao, sakafu pana isiyo na kuta, natia rangi, nakuwa mtu wa transport. Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, kila gunia na kila godoro linabebwa na Mulenda kwa ngolo yake, mkokoteni wa ng'ombe. Mtu wa Fizi, hajui hata klachi ni nini, na watu wanamsalimia kama meya. Mwisho wake umefika.

Mkulima alitaka tu uwanja wake uwe safi. Tumebadilishana. Mi nimechukua pikapu, yeye amechukua baiskeli.

Baiskeli ni ya Lucie, mke wangu. Ndiyo anayopelekea wateja nguo alizoshona. Nimemwambia ina pancha, nimeiacha kwa fundi. Amesema sawa, bila kuinua macho kwenye cherehani. Nilijisikia vibaya sana. Kisha nikawaza rangi nitakayopaka, nikapata nafuu.

Jumatano, 10 Julai

Imefika. Imevutwa kwa mnyororo na lori la tumbaku, mi nimekaa kwenye usukani, manyoya ya kuku yananiingia puani. Breki hakuna. Kila lori likipunguza mwendo nilisali kwa sauti. Tumepita katikati ya Lilongwe nikiwa nimenyoosha shingo kama balozi. Polisi wa kizuizi akaomba leseni. Yangu ni ya Bukavu, na picha iliyomo ni ya kijana mwenye nywele nyingi. Akaangalia picha, akaniangalia kichwa, akaita wenzake waje waone. Walicheka mpaka wakasahau kunizuia. Zikomo kwambiri, asanteni sana, niliwaambia. Nilitaka kulia.

Mulenda alikuwa penye njia panda na ng'ombe wake. Akauliza mbele ya watu: "Baba Raïssa, hii motokari iko nabeba bantu, ao ni bantu njo banaibeba?"

Jioni nimesikia kwamba amembadilisha jina ng'ombe wake wa kushoto. Sasa anaitwa Peugeot.

Lucie ameizunguka pikapu. Akaangalia ukuta, mahali baiskeli inapoegemezwa siku zote. Akauliza swali moja tu: pancha ni ya gurudumu la mbele au la nyuma?

Nimesema la nyuma.

Jumamosi, 13 Julai

Lucie amepata kazi kubwa! Kwaya ya Mama Mathilde, wale watu wa Bukavu walioko Area 23 mjini Lilongwe, wanataka majoho meupe kwa ajili ya mkutano wa kwaya tarehe 28. Makanisa mengi yatakuwapo. Akifanya vizuri, kila kwaya ya Lilongwe itajua jina lake. Hajapata kazi kama hii tangu tulipokimbia. Ameanza leo kukata kitambaa mezani, na sisi wengine tunakula tukiwa tumesimama.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi wa kuyafikisha. Pikapu itakuwa tayari. Akarudi kwenye mkasi.

Mi nimeungana na Bukeyeneza, Mrundi anayechomelea vyuma sokoni. Ni mtu wa majivuno makubwa. Anachomelea akiwa amevaa miwani ya jua ya kike, na kila kitu anasema kilitengenezwa vibaya na Wafaransa. Tumefungua kabureta. Ndani tumekuta kiota cha nyigu. Bukeyeneza amesema hilo ndilo lilikuwa tatizo lote, mengine ni madogo.

Alhamisi, 18 Julai

Injini imewaka!

Naandika hili kwanza kwa sababu yaliyofuata sitaki kuyaandika.

Kwa jirani kuna matanga ya mzee Nizigiyimana, Mungu ampumzishe. Watu wamekaa, pasteri anaomba, kimya kabisa. Bukeyeneza akanong'ona kwamba tusubiri. Nikanong'ona kwamba tutajaribu kidogo tu, polepole. Nikagusanisha nyaya zake mbili. Injini ikakohoa, ikashika. Furaha! Lakini na honi nayo ikashika. Ikalia bila kukatika, kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Nikavuta waya, ikazidi. Bukeyeneza akaipiga nyundo, ikabadilisha sauti tu.

Pasteri aliongeza sauti. Honi ikamshinda. Mwishoni wafiwa wote walikuwa wamegeuza vichwa kutuangalia, na mjane wa mzee amesimama penye uzio, mikono kiunoni. Nikainama chini ya usukani nikajifanya natafuta kitu. Nilibaki huko mpaka batri ilipokufa.

Lucie amekwenda kuomba msamaha kwa niaba ya nyumba. Amekaa nao mpaka jioni. Nimekula peke yangu.

Lakini injini imewaka.

Jumapili, 21 Julai

Nimesema tumbo linaniuma. Lucie na watoto wakaenda kanisani.

Tatizo la plato ni mbao. Za mti wa mlingoti zinapinda, na mbao nzuri sina namna ya kuzipata. Nimefikiri wiki nzima. Leo asubuhi nilikuwa nimelala chali nikiendelea kufikiri, na mkono wangu ukawa unapapasa ubao. Mpana, mzito, wa mti wa mbawa halisi, mahogani ya huku. Usio na ufa hata mmoja.

Kitanda.

Ni kitanda alichokiagiza Lucie mwaka ule wa kwanza hapa kambini, alipochoka kutuona tukilala kwenye mkeka. Hata cherehani ya kwake mwenyewe alikuwa hajapata, alishona kwa ya kuazima. Alikitaka kikubwa ili sisi na watoto tuenee.

Nimekifungua kwa uangalifu mkubwa. Hakuna mtu anayeweza kusema nilikivunja. Nilipotoa ubao wa mwisho nyumba ilionekana kubwa, na godoro pale chini lilionekana kama mtu aliyeanguka. Nikaligeuzia mgongo.

Waliporudi nimesema nimekipeleka kuimarishwa miguu. Raïssa akasema miguu ilikuwa mizima. Mtoto huyu anaongea sana.

Jumanne, 23 Julai

Plato imekamilika, na breki sasa zinashika. Bukeyeneza ameifunga kwenye shasi kwa boliti kubwa, na imekaa vizuri ajabu. Ukweli, ni kitu kizuri. Nimesimama juu yake nikaona kambi yote, mpaka barabarani.

Mulenda amekuja kuangalia. Amepiga magoti, amechungulia chini, amenusa mbao. Akaniuliza kwa upole kama abiria watapewa na blanketi. Watu wakaangua kicheko. Nikauliza ana maana gani. Akaonyesha kwa kidole: ubao mmoja bado ulikuwa na ua lililochongwa kichwani.

Lucie alikuwa amesimama nyuma ya watu. Sikujua. Akasogea, akapitisha kidole kwenye lile ua. Nilingoja apige kelele. Ningependa sana apige kelele.

Akasema: "Basi itabeba majoho yangu Ijumaa."

Halikuwa swali.

Usingizi wa chini ni mbaya. Baridi ya Julai hapa Dowa inaingia mpaka kwenye meno. Lucie analala ameelekea ukutani.

Alhamisi, 25 Julai

Mulenda amefunga maua ya plastiki kwenye pembe za ng'ombe. Ni vita, na ni wazi kwamba ni vita. Siwezi kupita mbele yake kesho na mbao tupu.

Nimepaka rangi! Bluu, rangi ya mafuta, nzito kama uji. Bukeyeneza alikuwa na kopo lililobaki kwenye geti la mtu. Amesema inakauka kwa siku moja. Labda kwa jua la kwao Bujumbura. Huku tangu asubuhi kuna chiperoni, kile kijimvua cha baridi kisichonyesha wala kuacha.

Saa kumi nimegusa kwa kidole. Kidole kikawa bluu. Nimegusa mahali pengine kwa kidole kingine, kikawa bluu kidogo. Kwa hiyo inakauka.

Lucie amemaliza majoho. Amenionyesha moja, kola imeshonwa kwa uzi wa dhahabu. Nikanyoosha mkono. Akaona vidole vyangu, akalirudisha nyuma ya mgongo wake. Ameniuliza kama rangi itakuwa imekauka. Nimesema imeshakauka, hii ni ya kwenye kopo.

Ijumaa, 26 Julai

Naandika nikiwa Area 23, kwenye kizingiti cha kanisa. Naandika kwa sababu hakuna mtu anayetaka kuongea nami, na wana haki.

Asubuhi Lucie alifunga majoho kwa mafungu ndani ya mashuka. Akanipa turubai. Akasema nitandike chini, kisha niweke mafungu juu. Nilielewa vizuri. Lakini nikiitandika chini rangi haitaonekana, na Mulenda alikuwa pale pale penye njia panda na maua yake. Nikaweka mafungu juu ya mbao, turubai nikafunika juu, nikajiambia vumbi ndilo adui.

Nicole, mke wa Mulenda, akaomba tumfikishe Kauma, njiani, kwa dada yake. Mke wa Mulenda, kwenye pikapu yangu, mbele ya Mulenda! Akakaa nyuma kwenye plato, amevaa kitenge cheupe chenye maua ya njano, kile cha Pasaka. Nilipiga honi tukipita. Ilikubali kunyamaza nilipoiachia. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Malawi.

Kauma akashuka. Akanishukuru vizuri sana, akasema Mungu abariki kazi yangu, akageuka kwenda.

Nyuma yake yote ilikuwa bluu. Kuanzia kiunoni mpaka magotini, na mistari ya mbao ikionekana wazi. Akatembea hivyo katikati ya soko la Kauma, ameinua kichwa. Watoto wakaanza kumfuata.

Sikumwita. Nilifungua mdomo, lakini Lucie alikuwa pembeni yangu, na kama ningemwita Nicole, Lucie angegeuka kuangalia nyuma. Kwa hiyo nilitia gia.

Njia yote kutoka Kauma nilijua. Lucie alikuwa akinieleza jinsi Mama Mathilde atakavyofurahi, akahesabu kwa vidole makanisa yatakayokuwapo. Alikuwa hajaongea nami hivyo tangu Jumapili. Nilisema ndiyo, ndiyo. 

Walitupokea kwa wimbo. Wakafungua mafungu mezani. Rangi ilikuwa imepita shuka ikaingia ndani, mabaka makubwa, jingine mgongoni, jingine tumboni. Wimbo ukafa sauti moja moja.

Nikasikia mtu anasema kwa nguvu kwamba ni dessin mpya, mtindo wa kisasa, kwamba bluu ni mbingu, kwamba Afrika Kusini kwaya zote zinavaa hivi. Alikuwa ni mimi.

Mama Mathilde alinitazama. Akamtazama Lucie.

Lucie akasema: "Mama Mathilde, hapana dessin. Bwana yangu alipaka plato rangi, haikukauka. Mi sikuangalia. Makosa ni yetu. Munipe kesho yote, nitayatengeneza."

Yetu. Angesema "yake" ningeweza kusimama. Nimetoka nje.

Jumamosi, 27 Julai

Mafuta ya taa yametoa rangi kidogo na kuacha madoa ya kijani. Lucie akasema basi. Akatuma mtu dukani kutafuta kitambaa cha bluu, akakata mikanda mipana, akaanza kuipitisha juu ya kila doa: mwingine unashuka begani, mwingine unazunguka kifua. Kila joho lina doa mahali pake, kwa hiyo kila joho anatakiwa kulifikiria upya. Cherehani ya kanisa ni moja. Wanawake wa kwaya wameketi mikekani wanashona kwa mkono, na Mama Mathilde pia, miwani kwenye ncha ya pua.

Nimejitolea kusaidia. Wamesema nisiguse kitambaa chochote. Nimeomba sabuni, nimenawa mpaka viwiko, nimewaonyesha. Hapana. Mwishoni mama mmoja akanipa sindano na uzi, niwe natunga tu.

Nimetunga sindano mchana kutwa. Macho yangu bado ni mazuri. Sindano ikiisha uzi wanainyoosha bila kunitazama, natunga, narudisha. Lucie naye alinyoosha ya kwake mara kwa mara. Mara moja vidole vyetu viligusana, na hakuondoa vyake haraka. Nikaendelea kutunga bila kutoa maelezo. Kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kufungua kabureta.

Nicole amepiga simu kwa Lucie. Alijua kuhusu kitenge baada ya soko lote kujua. Lucie alisikiliza, akasema "nisamehe, yaya", yaani dada, mara nyingi, akiwa amefumba macho. Sikuomba kupewa simu.

Jumapili, 28 Julai

Wameimba. Wamesimama mstari mmoja, weupe na bluu, mikanda inashuka huku na huku, hakuna joho linalofanana na jingine. Ungedhani ni maji yanapita katikati yao. Nilikuwa mwisho kabisa, karibu na mlango, nikinyoosha shingo nione.

Baadaye wageni wa kwaya nyingine wakauliza nani amebuni. Mama Mathilde akamwita Lucie mbele. Watu wakapiga makofi. Na mi, sijui ni nini kilinipata, miguu ilisimama yenyewe. Nilikuwa tayari nimeshainua mkono kuwapungia. Lucie akanitazama kutoka mbele, katikati ya watu wote wale.

Nikakaa. Mtu wa pembeni akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, tumbo.

Jumatatu, 29 Julai

Pikapu imekataa kuwaka. Nimeipiga, nimeiomba. Lucie alisimama akiangalia, mkoba kwapani. Kisha akavuka barabara, akaongea na mama mmoja anayeuza chipsi na kuku, wakarudi wote wawili. Mama yule akapanda kwenye plato, akarukaruka, akasema panafaa kwa meza, na jiko litakaa kwenye kabini.

Lucie hakuniuliza. Wamebadilishana. Mama wa chipsi ana cherehani ya umeme, ya zigzag, ya marehemu dada yake, imekaa tu chini ya meza. Sasa ni ya Lucie. Kwaya mbili tayari zinamngoja.

Nilitaka kusema kwamba injini ile peke yake ina thamani zaidi. Nikakumbuka kwamba Lucie ananisikiliza, nikabeba cherehani.

Dereva wa basi dogo alitushusha penye njia panda ya kambi. Mulenda alikuwa pale na ngolo. Nikajiandaa. Niliwaza majibu, mazuri mawili matatu. Akashuka. Alipokea cherehani mikononi mwangu, akailaza kwenye majani, akamsaidia Lucie kupanda. Kisha akanisogezea nafasi. Tulikwenda hivyo mpaka nyumbani, na watu wote wakituona. Penye mlango ndipo aliposema, kwa sauti ndogo: "Nicole alilia, Baba Raïssa."

Nilimtafuta Nicole jioni hiyo hiyo. Nimesimama mlangoni pake, nikasema nilimwona na sikumwita. Akasema anajua. Akaendelea kuchambua mchele. Hakuniambia nikae, hakuniambia niondoke. Lucie anamshonea kitenge kingine.

Sipangi kitu tena. Naandika hapa kwa akili zangu zote, na kwa jina langu mwenyewe: Zihindula, tulia.

Jumanne, 6 Agosti

Wiki nzima ya utulivu. Nimetafakari kwa kina na nimelipata kosa. Kosa lilikuwa bluu. Ningepaka nyeupe, nani angeona? Nimemweleza Bukeyeneza, naye amekubali kabisa, akaongeza kwamba Wafaransa hawaielewi bluu.

Leo nilikuwa napita nyuma ya duka moja la Dowa, napita tu, nikaona wametupa friji kubwa. Limekufa, lakini mlango unafunga vizuri. Unabana joto! Mtu akilitazama kwa akili, hilo si friji. Ni mashine ya kuangulia mayai. Taa mbili ndani, maji kidogo kwenye sahani, mayai ya bata safu kwa safu. Kambi nzima haina mtu wa vifaranga! Pasteri nimeshamwahidi bata wa Krismasi kwa kanisa zima, na mjane wa mzee Nizigiyimana, ambaye sasa anaitikia salamu yangu, amenikabidhi mayai yake yote.

Kimebaki kitu kimoja tu: kipangaboi kidogo cha kuzungusha hewa. Nahitaji mota. Isiwe kubwa.

Cherehani ya zigzag ina mota ndogo, safi, boliti nne tu. Lucie amekwenda Lilongwe kupima kwaya ya pili, atarudi kesho kutwa. Mayai ya bata yanachukua muda mrefu kidogo zaidi ya hapo, lakini hilo nitamweleza akifika.